Njia ya Panya Mbele ya Lango la Shule: Ukiambiwa "Tutaifunga", Uliza Kwanza Magari Yataenda Wapi

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, mnivumilie. Haya ni maneno niliyowaambia wazazi, walimu na vijana wa boda hapa Malaba, pamoja na wenzetu waliotoka Busia mjini. Waliokosa kikao waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha kama nilivyoyasema. Sheria ya huu uzi mnaijua: hatutaji chama, hatutaji mwanasiasa. Tunachambua hoja.

1/
 

Naanza na ahadi. Kila msimu wa siasa ukifika, mtu anasimama mbele ya wazazi na kusema, "Mkinipa kura, hiyo njia ya kupitia shuleni nitaifunga." Makofi. Jioni mwingine anafika kwa steji ya boda, anasema, "Nikiwa hapa, hakuna mtu atafunga barabara ya mwananchi." Makofi tena. Na mara nyingine wanaopiga makofi ni watu wale wale, kwa sababu mwenye boda pia ni mzazi.

Leo sitaki tuulizane nani kati yao ni mzuri. Nataka tuone kitu ambacho wote wawili hawakisemi.

2/
Hali yenyewe mnaijua. Trela zikipanga foleni kutoka mpakani, barabara kuu inabaki upande mmoja, na siku zingine hata huo mmoja haupo. Matatu iko na abiria wa haraka. Probox iko na mzigo wa soko. Boda iko na mteja anataka kuvuka. Wote wanapiga hesabu moja: niingie ndani, nipitie mtaani, nitokee mbele ya foleni.

Huko ndani kuna nini? Kuna barabara ya changarawe isiyo na kando ya mtu wa miguu. Kuna nyumba za kupanga, kioski, mama wa maandazi. Na kuna lango la shule. Saa ambayo dereva ana haraka zaidi asubuhi ndiyo saa watoto wa PP1 wanatembea wameshikana mikono, mabegi yakiwa makubwa kuliko migongo.

Sisi wa mpakani tukisema "njia ya panya" tunafikiria sukari na mafuta yanayovuka bila kupita forodha. Mimi nalitumia hapa makusudi. Kanuni ni ile ile: njia ya panya huzaliwa pale njia halali imekwama. Ukiziba shimo moja na njia kuu bado imekwama, panya anachimba lingine. Shida ni kwamba hilo lingine linachimbwa kwa mtaa wa nani?

Hilo ndilo swali langu la leo. Mengine yote yanalizunguka.

3/
Kwanza tuelewe foleni, maana siasa nyingi hapa inafanywa na watu wanaoizungumzia kana kwamba inatoka mbinguni.

Malaba na Busia ziko chini ya mfumo wa kituo kimoja cha mpakani. Cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya 2016 kuhusu vituo hivi. Zamani lori lilisimama mara mbili, upande wa Kenya halafu upande wa Uganda. Sasa linasimama mara moja tu, katika nchi linayoingia. Lori linaloenda Kampala linahudumiwa ng'ambo, lile linalokuja Nairobi linahudumiwa huku.

Maana yake ni nini? Foleni inayotoka hapa kurudi upande wa Bungoma inategemea sana kasi ya kazi upande wa Uganda. Mnakumbuka Januari 2022. Uganda ilidai kila dereva apimwe korona kwa ada, madereva wakakataa kulipa, malori yakalala barabarani kwa makumi ya kilomita, na Kampala mafuta ya petroli yakapanda bei vibaya. Hakuna MCA wa upande huu angeimaliza foleni ile, hata angekuwa na nia njema namna gani.

Kwa hiyo mgombea wa wadi akikuambia "foleni nitaimaliza", muulize atampigia nani simu Entebbe.

Na jambo lingine. Malaba ikikwama, madereva wengine wa malori hugeukia Busia. Busia ikijaa, wanarudi huku. Sisi na wenzetu wa Busia tunabadilishana foleni kama majirani wanaobadilishana unga. Kila tunachofanya upande mmoja kinasikika upande wa pili.

4/
Sasa tuzungumze kasi, kwa sababu hapa ndipo mtoto anaishi au anakufa.

Sheria ya Trafiki inaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Wengi wanaona 50 ni mwendo wa polepole. Hebu tupige hesabu. Dereva akiona mtoto ametokea, inachukua kama sekunde moja mguu kufika kwa breki. Kwa mwendo wa 50, katika hiyo sekunde gari limekwenda karibu mita 14. Ukiongeza umbali wa kufunga breki kwenye lami nzuri iliyokauka, gari linasimama baada ya kama mita 28. Kwa mwendo wa 30, gari linasimama baada ya kama mita 13.

Rudia polepole kichwani. Pale ambapo gari la 30 limeshasimama kabisa, dereva wa 50 ndio kwanza anagusa breki. Bado anaenda 50. Na hiyo ni lami. Kwenye changarawe, au tope la Aprili, umbali unaongezeka.

Ndiyo sababu Februari 2020, mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walipokutana Stockholm kuhusu usalama barabarani, walipendekeza 30 iwe mwisho mahali ambapo magari na watu wa miguu wanachanganyika. Mbele ya lango la shule wanachanganyika kuliko mahali popote.

5/
Sasa hoja. Nitazitaja kwa haki, maana kila moja ina mwenyewe na ina ukweli ndani yake.

Hoja ya kwanza: "Barabara ni ya umma, huwezi kunifungia." Ni kweli, ni ya umma. Lakini mtoto anayetembea ni umma pia. Katiba yetu, Ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto yawe ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Tena barabara ya mtaani ilitengenezwa ili watu wafike nyumbani. Kuifanya mbadala wa barabara kuu ni kuibadilisha kazi bila kumuuliza mtu yeyote, na anayelipa ile vumbi na ile hatari ni anayeishi pale.

Hoja ya pili: "Mtaua biashara." Hii msiidharau. Kuna mama anauza chai kwa sababu magari yanapita. Kuna kijana wa boda ambaye ile dakika kumi anayookoa ndiyo safari moja zaidi ya siku, na safari moja zaidi ndiyo unga. Na huu mpaka ndio uliolizaa hilo neno boda boda, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Hatuwezi kujadili barabara hapa kana kwamba boda ni adui. Boda ndiye anayempeleka mtoto shule. Lakini mteja wa yule mama si gari linalopita mbio. Mteja ni mtu anayesimama, na gari likipunguza mwendo, nafasi ya kusimama inaongezeka.

Hoja ya tatu: "Wekeni matuta tu, yaishe." Matuta yanasaidia, sana. Ila tuta la wananchi, lile linalochimbwa usiku baada ya mtoto kugongwa, mara nyingi halina alama wala rangi, na boda mwenye abiria anakutana nalo gizani. Kwenye barabara kuu huruhusiwi kabisa kujiwekea tuta bila mamlaka husika, nao huja kuyaondoa. Tuta lazima lipimwe, lichorwe, liwe na ishara kabla yake.

Hoja ya nne: "Funga kabisa." Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

6/
Ukifunga mtaa mmoja peke yake, magari hayayeyuki. Yanaenda mtaa wa pili. Swali ni mtaa upi unafungwa kwanza.

Mnajua jibu. Unafungwa ule wenye mwenye nyumba aliye na namba ya simu ya mheshimiwa. Unafungwa ule ambao mzazi mmoja anaweza kuandika barua yenye muhuri wa wakili. Ule wa wapangaji, ule wa watu wanaotoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku, ule ambao shule yake haina hata ua, huo ndio unapokea magari yote. Mtoto wa huku amepona, mtoto wa kule amewekwa mahali pake. Halafu mheshimiwa anapiga picha na geti jipya.

Ndugu zangu, huo si usalama. Huko ni kuhamisha hatari kutoka kwa anayepiga kelele kwenda kwa aliyenyamaza. Ahadi ya kufunga njia ambayo haisemi magari yataenda wapi haijakamilika, na sisi tunaipigia makofi ikiwa nusu.

7/
Je, kuna mahali Waafrika wenzetu wamefanya vizuri? Kuna.

Dar es Salaam, shirika moja linaitwa Amend lilianza kwenda shule za msingi zilizo karibu na barabara hatari. Hawakuanza na siasa. Walianza kwa kuuliza watoto wanagongwa wapi, wanatembea njia gani, wanavuka wapi. Baada ya hapo wakaweka vitu vya kawaida kabisa: matuta yaliyopimwa, kivuko cha pundamilia, njia ya miguu, nguzo za kuzuia gari kupanda njia ya miguu, ishara. Na mahali pengine walifanya jambo rahisi kuliko yote: walihamisha lango la shule kutoka barabara yenye magari mengi hadi upande wenye magari machache.

Utafiti uliofanywa kwenye shule hizo ulionyesha majeruhi kwa watoto walipungua kwa karibu asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, na umeshafika nchi kadhaa za Afrika.

Zingatieni hawakufunga mji. Biashara haikufa. Walichagua mahali na saa ambapo mtoto yuko, wakalazimisha gari liende pole hapo.

Na yule anayesema haya ni mambo ya Wazungu, mwambieni Uholanzi mwaka 1971 ilipoteza watu kama 3,300 barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Hawakuzaliwa na barabara salama. Wazazi waliingia barabarani wakadai.

8/
Sasa nani anafaa kufanya nini? Hapa ndipo tunachezewa sana. Kila mkubwa anaonyesha kidole kwa mwenzake. Kwa hivyo shikeni milango minne, mjue ya kubisha.

Mlango wa kwanza: barabara kuu ya lami inayokwenda mpakani. Hiyo ni ya serikali kuu, chini ya KeNHA. Kuacha upande mmoja wazi kwa magari madogo na kuondoa trela kandoni kunaanzia hapo, pamoja na polisi wa trafiki, ambao nao ni wa serikali kuu.

Mlango wa pili: barabara za mtaani, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi hizo waziwazi. Tuta la mtaani, kivuko, ishara ya 30, saa za kuzuia magari ya kupita tu: hapo ni kwa gavana, bodi ya manispaa na bunge la kaunti.

Mlango wa tatu: lango na ua wa shule ya msingi. Shule za msingi ziko chini ya serikali kuu. Kwa hivyo kuhamisha lango ni mazungumzo ya bodi ya shule, wizara, na mbunge wako kupitia NG-CDF. Chekechea ndiyo ya kaunti.

Mlango wa nne: mwendo wa kazi pale forodhani. Huo ni wa nchi mbili na Jumuiya.

Mgombea wa MCA akikuahidi kupanua barabara kuu, amekuahidi kitu kisicho kwenye mfuko wake. Mgombea wa ubunge akikuahidi taa za mtaani, vivyo hivyo. Usimtukane. Mwambie tu, "Huo mlango si wako. Wa kwako utaufanyia nini?"

9/
Pesa. Wataenda kusema hakuna pesa.

Kila lita ya petroli au dizeli unayonunua Kenya, tangu Julai 2024, ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Kijana wa boda akijaza lita mbili ameshatoa shilingi 50. Na mnakumbuka jinsi magavana na wabunge walivyovutana mahakamani na kwa vyombo vya habari kuhusu bilioni 10.5 za mfuko huo, kila upande ukisema ndio wenye haki ya kuzitumia. Pesa ipo. Wanabishania nani aishike. Sisi tuulize itafika kwa lango lipi.

Na kuna swali lingine la adabu lakini gumu. Ada za maegesho ya trela ni sehemu ya mapato ya kaunti yetu. Sawa, kaunti lazima ipate mapato. Lakini anayepata pesa trela likisimama, ana haraka gani ya kuona foleni imepungua? Mgombea wa ugavana aulizwe: sehemu gani ya ada hizo itarudi kwa mitaa inayobeba mzigo wa foleni?

10/
Nini cha kufanya kabla ya kura, bila kumsubiri mtu.

Moja, hesabuni. Asubuhi tatu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, watu wawili na daftari. Andika trela, lori, matatu, gari dogo, boda. Andika ngapi zimesimama mtaani na ngapi zimepita tu. Andika watoto wangapi wamevuka. Mkienda ofisini bila hesabu mtaambiwa ni maneno ya mtaa. Mkienda na daftari, itabidi mtu ajibu.

Mbili, hesabuni na mtaa jirani, si wa kwenu pekee. Ombi liwe moja, la mitaa yote inayopitiwa. Hapo hakuna mtu atawagawanya.

Tatu, kaeni na vijana wa boda kabla ya kwenda kwa mheshimiwa. Pendekezo langu ni hili: magari ya kupita tu yazuiwe kwa saa za shule peke yake, asubuhi na wakati wa kutoka. Mkazi anaingia, mwenye kuleta bidhaa anaingia, boda anayeleta mtoto anaingia. Steji isogezwe mita kadhaa kutoka lango. Muda mwingine barabara iwe wazi, lakini kwa mwendo wa 30 na matuta yanayoonekana. Hakuna anayepoteza kila kitu.

Nne, jueni kalenda. Kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha ni kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Wengi wetu tunakumbuka kulalamika Juni, wakati pesa imeshagawanywa. Leta ombi Julai na Agosti, lifike kabla mpango haujaandikwa.

Tano, iandikeni rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bunge la kaunti. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kuomba taarifa: barabara hii ni ya nani, na imetengewa pesa ngapi. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo siku ya kampeni una nguvu kuliko firimbi.

11/
Nikimaliza, kuna mzee mmoja aliniuliza kwenye kikao, "Sasa mwanangu, wewe unataka ifungwe au isifungwe?"

Nilimjibu, na ninyi nawajibu: mzee wangu, nataka ipunguzwe kwa saa za mtoto, na nataka upande mmoja wa barabara kuu uachwe wazi ili dereva asiwe na sababu ya kuingia ndani. Vyote viwili kwa pamoja. Kimoja bila kingine ni kumtupia jirani.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele yenu na kipaza sauti aseme "nitafunga" au "sitafunga", msipige makofi bado. Muulizeni mambo matatu. Barabara hiyo ni ya mlango upi? Pesa iko kwenye bajeti ya mwaka gani? Na magari yakitoka hapa, yatapita mbele ya shule gani?

Akishindwa na hilo la tatu, bado hajafikiria watoto. Amefikiria kura za mtaa mmoja.

 Walio na maswali, au walioshahesabu magari mtaani kwao, leteni hapa chini. Wa Busia mjini, hasa tunawangoja ninyi, maana foleni yetu ni yenu.